Ufadhili wa uzamili katika uhifadhi: ada ni nusu tu ya safari

Ufadhili wa uzamili katika uhifadhi wa tropiki ni fedha anayopewa mtu mwenye shahada ya kwanza, kutoka nchi inayoendelea, ili asomee ulinzi wa misitu, wanyama na bahari za ukanda wetu wa joto. Si mkopo, haurudishwi. Wafadhili wengi hutazama orodha ya nchi zinazopokea misaada ya maendeleo, orodha ambayo hutolewa na OECD, shirika la kiuchumi la nchi ambazo nyingi ni tajiri, na Tanzania imo. Kwa hiyo kijana wa Muheza au Pangani lango hilo amekwishalipita. Yapo mengine.

Skolashipu ya Jumuiya ya Madola, kwa mfano, humpeleka msomi Uingereza ikimlipia ada, nauli ya ndege na posho ya kila mwezi. Shirika la Ujerumani la DAAD lina kozi zinazohusu maendeleo, lakini kwa kawaida hutaka uwe umefanya kazi walau miaka miwili baada ya shahada. Aliyehitimu Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka huu asipoteze nguvu huko kwanza. Atafute kazi kwenye mradi wa msitu au kikundi cha ulinzi wa fukwe.

Sasa niseme jambo ambalo kwa maoni yangu halielezwi vya kutosha. Anayesomea uhifadhi anahitaji mafungu mawili: la kusomea na la utafiti. Hayatoki mfuko mmoja. La kwanza linamweka darasani. La pili ndilo linalompeleka uwandani, tuseme Kigombe, kijiji cha wavuvi pwani ya Tanga.

Chukua mwanafunzi anayetaka kujua ni silikanti wangapi, samaki wa kale wa kina kirefu, wanaonaswa na majarife, yaani nyavu za papa, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya samaki huyo. Atahitaji boti na mafuta, malazi kijijini, malipo ya wasaidizi na kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Barua ya ufadhili inayosema "kamili" mara nyingi haina hata senti ya mafuta ya boti. Hapo ndipo watu wanapobadilisha mada na kuandika tasnifu kutokana na takwimu za wengine.

Fungu la pili huombwa kwingine. Rufford Foundation ya Uingereza hutoa ruzuku ndogo kwa kazi za uhifadhi katika nchi zinazoendelea, na hailipi ada ya chuo. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari yenye makao Zanzibar, ina ruzuku za utafiti wa magharibi mwa Bahari ya Hindi. Maombi haya yana ratiba zake, kwa hiyo yaandikwe mapema, hata kabla hujapanda ndege.

Na kuna suala la majira. Uzamili wa Uingereza huchukua mwaka mmoja, kuanzia Septemba au Oktoba, na nafasi ya kwenda uwandani huangukia Juni hadi Agosti. Huo ni wakati wa kusi. Utafika, utahesabu, utaondoka bila kuiona kaskazi, ilhali mvuvi yeyote wa Tanga atakwambia kwamba pepo hizo mbili ni bahari mbili. Swali la utafiti likatwe kulingana na miezi uliyonayo, au utafute programu ya miaka miwili.

Ninalisisitiza suala la fedha ya uwandani kwa sababu ya Amani, kwenye milima ya Usambara. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti pale mwaka 1902, na tangu hapo mimea na vyura wa Usambara wamefanya majina ya wasomi wengi wa nje, huku wenyeji wengi wakiishia kuwa waongozaji na wabeba mizigo. Wanaoujua msitu ule wanastahili kuuandikia wenyewe, na fedha ya uwandani ndiyo inayowakwamisha zaidi kuliko akili au ada.

Ukipata barua ya kukubaliwa, uliza kwa maandishi kabla ya kusaini: bajeti ya utafiti ni kiasi gani, nauli ya kurudi nyumbani kukusanya data imo, na kibali kinalipwa na nani?