Bwana Msa, Willy Gamba na Joram Kiango: maoni yangu baada ya kuwasoma upya

Mimi ni mhariri wa miswada, na waandishi chipukizi wa riwaya za upelelezi huniuliza sana: nimfiche vipi muuaji? Huwajibu wasimfiche. Wamweke peupe, kisha wampe msomaji sababu ya kutazama kwingine. Mwezi huu nimerudia riwaya zetu za zamani, na sijaona anayeliweza hilo kama Muhammed Said Abdulla.

Chukua *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyoshinda mashindano ya uandishi ya 1957/58 na kuchapishwa 1960. Mwenye shamba anakutwa ameuawa mzimuni, mahali ambapo watu wanapaogopa toka enzi. Hofu hiyo ndiyo hila yenyewe. Sisi tunaukodolea macho mzimu, huku mpelelezi wa Abdulla, Bwana Msa, na kiko chake anasikiliza watu. Hapigi mtu wala hafukuzani na gari. Anachotaka kujua ni nani mtoto wa nani, nani alikuwa na nani zamani, na mali itamwangukia nani. Katika Unguja ya wakati ule, watu wakijuana mtaa kwa mtaa, hapakuwa na siri nzito kuliko ya nasaba, na Abdulla aliirudia siri hiyo kitabu baada ya kitabu.

Ushahidi wake ameutia ndani ya mazungumzo. Watu wanataniana, wanapigana vijembe, wanasalimiana kwa kirefu, na msomaji mwenye haraka huruka kurasa hizo akidhani ni porojo. Akifika mwisho anamlaumu mwandishi kwa kumdanganya, kumbe neno lilishasemwa, tena mbele yake. Nadhani uandishi wa habari ulimsaidia: Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alikuwa mhariri wa gazeti la *Zanzibari* kabla ya riwaya hii kutoka, na sikio lake lilishazoea maneno ya watu.

Kwa Elvis Musiba mambo ni mengine kabisa. Katika *Kufa na Kupona* (1974) adui tunamhisi mapema. Kinachotukosesha usingizi ni kama Willy Gamba atawahi. Nyaraka za siri za wapigania uhuru zimeibwa, na jasusi wetu anakwenda Nairobi kuzisaka. Ukumbuke kwamba Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, na mwaka ule Msumbiji na Angola zilikuwa bado hazijapata uhuru. Msomaji wa wakati huo hakuhitaji kuelezwa hatari iko wapi, maana aliisikia redioni. Kwa hiyo linaniudhi jina la "riwaya pendwa" linapotamkwa vyuoni kwa dharau, kana kwamba kitabu kinachosomwa na wengi hakina fikra ndani. Kasoro zake hata hivyo sizifumbii macho. Wanawake wanamwangukia Willy kirahisi mno, naye hatetereki hata pale ambapo mtu yeyote angetetereka.

Ben Mtobwa naye alimpa Joram Kiango uhuru ambao Willy hana: ni mpelelezi wa kujitegemea, hana bosi wa kumtuma. Katika *Tutarudi na Roho Zetu?* anakwenda na mwenzake Nuru hadi Afrika Kusini ya makaburu kuikabili silaha ya siri. Silaha hiyo mimi hainishawishi. Lakini kwa mwendo wa sentensi, Mtobwa anawashinda wote wawili. Sura zake zinakatika mahali ambapo huwezi kuweka kitabu chini, na hakutumia maneno mengi kufika hapo.

Kama hujawahi kuwasoma, anza na Mtobwa, umalizie na Abdulla. Na ukifika kwa Abdulla, soma polepole, hasa pale watu wanapopiga soga tu.