Namba ya mtihani ni nini, na kwa nini uiangalie kabla ya kununua kitabu

Kila mara utakuta mtu anauliza jamani kitabu gani kizuri cha kusomea cheti cha Java, ile lugha ya kuandikia programu za kompyuta, anashushiwa majina kumi, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza unafanya mtihani namba ngapi. Shida inaanzia hapo hapo.

Namba ya mtihani ni yale maherufi na tarakimu ambayo Oracle, kampuni yenye Java, wanaupa kila mtihani wao, na ndo inakwambia unapimwa toleo gani la lugha. 1Z0-808 ni Java 8, 1Z0-819 ni Java 11, 1Z0-829 ni Java 17, 1Z0-830 ni Java 21. Kwahiyo ukisema "mtihani wa Java" bado hujasema kitu. Kila namba ina orodha yake ya mada, iko bure kwenye tovuti ya Oracle, na kitabu cha mtihani ni kile kilichoandikwa kufuata orodha hiyo. Vingi namba iko juu ya jalada kabisa.

Mi nilijua hili kwa kuumia. Nilinunua kitabu kilichotumika, kinene kama tofali, nikakisoma wiki tatu usiku usiku, siku nakilinganisha na orodha nakuta mada za matoleo mapya hazimo, record haimo, sealed haimo, zile string (maandishi ndani ya programu) za kufungua na nukuu tatu hazimo, kumbe ni cha Java 8 iliyotoka 2014 na mtihani wangu ni wa 17! Kitabu hakina kosa, ni mimi.

Halafu kitabu cha kujifunza lugha na kitabu cha mtihani ni vitu viwili tofauti. Cha kwanza kinakufundisha kuandika programu, cha pili kinakufundisha kusoma programu ya mtu aliyekaa chini akakutega. Angalia hii:

int x = 5;
x = x++;
System.out.println(x);

Wengi watasema 6. Inatoka 5, manake x++ inashika kwanza thamani ya zamani ambayo ni 5, inaongeza x iwe 6, halafu alama ya = inarudisha ile 5 iliyoshikwa juu yake. Kazini ukiandika hivi wenzako watakucheka, ila mtihani unapenda sana mambo haya, pamoja na yale ya "je, itakompaili au haitakompaili", yaani Java itaikubali programu au itaikataa, na pale hakuna kihariri cha kukuwekea mstari mwekundu penye kosa. Kama hujawahi kuandika programu hata moja usianze na cha mtihani, hutamaliza sura ya pili.

Ukishakuwa na orodha, fungua yaliyomo ya kitabu uweke tiki mada moja moja. Angalia pia majibu ya maswali mwisho wa sura, kama yanasema tu "jibu ni C" bila kueleza B imekosea wapi, mi nakirudisha rafuni.

Kile tofali changu sikukitupa. Loop, array na urithi wa klasi nilimalizia humo humo, zile mada ambazo hazikupata tiki nikazisomea kwenye nyaraka za Java zenyewe.