Kotapini ya krenki: ni kabari, si bolti

Kwenye baiskeli za Raleigh za zamani zilizotoka Nottingham, Uingereza, na kwenye Phoenix na Hero zinazobeba madumu ya maji na magunia ya mkaa huku Chamwino na Bahi, mkoani Dodoma, mkono wa krenki, ule unaobeba pedeli, umeshikwa kwenye ekseli na kotapini. Hicho ni kipande cha chuma cha mviringo, kipenyo chake mara nyingi milimita 9 au 9.5, kilichochongwa bapa kwa mshazari upande mmoja. Ncha yake nyembamba ina meno ya kufungia nati.

Kwa umbo hilo, kotapini ni kabari. Ekseli nayo ina sehemu bapa, na kadiri pini inavyozama ndivyo bapa mbili zinavyobanana, mkono ukakosa nafasi ya kucheza. Nati inazuia tu pini isirudi ilikotoka. Wengi hawalijui hili. Wanachomeka pini kwa kidole, wanaikaza nati kwa spana hadi meno yanakatika, kisha wanaondoka. Muda si mrefu krenki inaanza kugonga kila mzunguko. Kinachoumia kwanza ni pini, kwa kuwa chuma chake ni laini kuliko cha ekseli, na pini ni rahisi kununua. Ukiendelea kuendesha hivyo hivyo, tundu la mkono linapanuka, na mkono wa Raleigh ya zamani hauupati kwa kila muuza spea.

Kwa hiyo pini igongwe, au ibanwe kwa jiriwa, ambayo mimi naiamini kuliko nyundo. Ukigonga, egemeza mkono wa krenki juu ya bomba la chuma lililosimama sakafuni, ncha ya pini itokezee ndani ya bomba. Bila egemeo hilo, pigo lote linaishia kwenye gololi, nazo zinachimba vishimo kwenye vikombe vyake. Kama meno hayatokezi vya kutosha kupokea washa na nati, pini ni nene: itoe, upitishe tupa kwenye bapa bila kubadilisha mshazari wake.

Pini mbili hazielekei upande mmoja. Laza mikono ya krenki sawa na ardhi, mmoja mbele na mwingine nyuma. Nati moja iwe juu na nyingine chini. Ukikosea hapo, pedeli hazitakaa kwenye mstari mmoja, na mguu utalihisi hilo kabla ya jicho.

Baiskeli ya kubeba madumu manne ya lita 20, yaani kilo 80 za maji, irudishwe kwenye bomba la kugongea baada ya safari ya kwanza. Pini mpya huzidi kukaa ikipata mzigo, na nati utaikuta imelegea. Gonga tena kidogo, ndipo uikaze.