Repo iko wazi, ruhusa haipo

"Mbona ipo GitHub na kila mtu anaiona? Basi ni ya wote." Hoja hii kuhusu repo, yaani hifadhi ya msimbo wa programu kwenye tovuti ya GitHub, haifi. Ukiizika Jumatatu, Ijumaa inafufuka kwenye ubishi mwingine, safari hii ikiwa na mashabiki. Naijibu hapa kwa urefu ili atakayeileta tena nimtumie kiungo nikalale.

Sheria yenyewe haina uchawi. Hakimiliki inaanza pale unapoandika na kuhifadhi faili. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, haudai usajili. Mkataba wa TRIPS, wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu mali za ubunifu, ibara ya 10, unataka programu za kompyuta zilindwe kama kazi za fasihi, iwe ni msimbo chanzo (ule alioandika mtu) au uliokwisha kukompailiwa (kugeuzwa kuwa lugha ya mashine). Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inazilinda programu za kompyuta, na ya Kenya ya 2001 vilevile. Cheti cha ofisi za hakimiliki, COSOTA ya Tanzania au KECOBO ya Kenya, kinakusaidia siku ya ushahidi. Si hicho kinachoizaa haki. Kwa hiyo repo isiyo na leseni maana yake ni moja: mwenyewe hajakuruhusu kitu. Masharti ya GitHub yanawapa watumiaji wengine haki ya kuitazama repo ya wazi na kuifoki (kujitengenezea nakala yake) humo humo GitHub. Yanaishia hapo. Kuchukua msimbo huo na kuufunga kwenye mfumo wa malipo wa duka la mteja ni jambo jingine kabisa.

Sasa mtu atasema, "Lakini ndani ya package.json imeandikwa ISC." package.json ni faili la maelezo ya mradi wa JavaScript, na ISC ni leseni fupi inayoruhusu karibu kila kitu. Hapa ndipo ninapokuna kichwa. Kwa miaka mingi amri ya npm init, inayoliandaa faili hilo, imekuwa ikijaza "ISC" yenyewe, kama chaguo-msingi. Mwenye repo alibonyeza Enter mara kadhaa huku akiwaza chakula cha mchana, na ISC ikaingia. Hakuna faili la LICENSE, hakuna jina la mwenye haki, hakuna mwaka. Je, hiyo ni ruhusa? Wengi wanaihesabu kuwa ruhusa, na huenda hakimu naye angekubali. Mimi siwezi kukuapia. Kwa mradi wa kujifunzia, endelea. Kwa bidhaa unayoiuza, muulize mwenyewe.

Humo humo kuna mtego wa pili. "Unlicense" ni tamko la kuachia kazi mikononi mwa umma, ufanye utakalo. "UNLICENSED" kwenye npm ni kinyume chake: hakuna aliyepewa haki yoyote. Ukiendesha npx license-checker --summary, amri inayoorodhesha leseni za vifurushi vyako, halafu ukapitisha jicho haraka, hayo mawili yanafanana kama mapacha. Soma herufi moja moja.

Wale wa "nimebadilisha asilimia thelathini, sasa ni yangu" sina muda nao mrefu. Asilimia hiyo haimo katika sheria yoyote, waliitunga wavivu. Kubadili majina ya vigeu ni kama kupaka rangi baiskeli ya jirani. Oracle na Google walivutana mahakamani kuanzia 2010 hadi Aprili 2021 kuhusu takriban mistari 11,500 ya matamko ya Java ambayo Google ilinakili, karibu asilimia 0.4 tu ya mistari ya API nzima (sehemu ambayo programu nyingine hupitia kuiita Java). Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema, kwa kura 6 kwa 2, kwamba yalikuwa matumizi ya haki (sheria ya huko huruhusu kunakili bila ruhusa katika hali fulani). Lakini haikusema kwamba API haina hakimiliki. Swali hilo ililiruka makusudi, ikachukulia tu kwamba inayo na kuendelea. Kabla ya hapo, mwaka 2012, baraza la wazee wa mahakama liliona Google imekiuka kwa kunakili rangeCheck, fungu la mistari tisa. Tisa! Fidia yake iliishia sifuri, ila wanasheria hawakula sifuri.

Leseni ya MIT nayo inadharauliwa kwa sababu ni fupi. Ina sharti moja tu: tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni yaambatane na nakala zote au sehemu kubwa za programu. Sharti moja, na bado linavunjwa kila siku, mara nyingi na mashine. Webpack, chombo cha kufungasha msimbo wa tovuti, ikiubana kwa Terser, huyatoa maoni yenye @license au yanayoanza na /*! na kuyaweka kwenye faili la pembeni, main.js.LICENSE.txt. Kisha anakuja mtu wa kupandisha tovuti, anaona faili la .txt, anaona ni takataka, analifuta au anakopi *.js peke yake. Liache lipande na wenzake. Kwenye Flutter, ya kutengenezea programu za simu, ni rahisi zaidi: ita showLicensePage kutoka ukurasa wa "Kuhusu" na kazi imekwisha. Kazi ya kitufe kimoja, na bado watu wanaikwepa.

Tuje kwenye GPL, leseni inayotaka msimbo uendelee kuwa huru, maana huko ndiko uongo unakonona. Kwanza: GPL haikatazi kuuza. Uza kwa bei unayotaka. Pili: haikulazimishi kuweka msimbo hadharani. Inachodai ni kwamba unayempa programu apate na msimbo chanzo, kwa leseni ile ile. Swali la msingi basi si "umebadilisha?" bali "umemkabidhi nani?"

Ukiitumia ofisini kwako na wafanyakazi wako tu, hujamkabidhi mtu. Ukiiendesha kwenye seva yako na wateja wakaitumia kupitia kivinjari, kwa GPL ya kawaida bado hujakabidhi. AGPL, dada yake, ndiyo inayokudaka hapo, kifungu cha 13, iwapo umeibadilisha. Lakini angalia: JavaScript inayoshuka kwenye kivinjari cha mteja imekabidhiwa. APK (faili la programu ya Android) uliyoipeleka dukani imekabidhiwa. Na mfumo uliomtengenezea mteja na kumfungia kwenye seva yake mwenyewe, huo umemkabidhi pia, kwa hiyo ana haki ya kuudai msimbo wake hata kama mkataba wenu haukutaja neno hilo. Wajenzi wa mifumo wengi hapa hununa. Nuneni tu.

Kwenye vifaa ndipo mambo yanapoharibika hasa. Umeagiza ruta au kisimbuzi kutoka kiwandani, umebandika nembo yako, unauza. Ndani kuna Linux na BusyBox (mkusanyiko wa amri ndogo za Linux), zote GPL toleo la 2. Huamini? Pitisha faili la programu ya kifaa kwenye binwalk, chombo cha kupekua faili za aina hiyo, kisha strings pamoja na grep -i busybox. Toleo litajitokeza lenyewe. Sasa wewe ndiye msambazaji. Ama utoe msimbo pamoja na kifaa, ama uambatanishe ahadi ya maandishi, hai kwa miaka isiyopungua mitatu, kwamba yeyote atakayeuomba atapewa kwa gharama ya kuufikisha tu. Kumwelekeza kwa muuzaji wako hakutoshi, kwa kuwa unafanya biashara.

Na mtu akiomba, usimtumie kifurushi ulichopakua kernel.org, tovuti ya Linux halisi, jana. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi ya yote. Leseni inataka msimbo kamili unaolingana na kilichomo kwenye kifaa: toleo lile lile, viraka vya kiwanda, faili la .config, na skripti za kukompaili na kusakinisha. Jaribio ni hili: mtu mwenye kompyuta tupu aweze kujenga kutoka kifurushi chako na kupata kitu kile kile. Kiwanda kikisema "hatuna", tafuta kiwanda kingine kabla ya kulipa, si baada ya kontena kufika bandarini.

Kuna pasipo na jibu, na anayekupa jibu la mkato anakudanganya. Programu yako ikiita maktaba (msimbo wa kutumiwa na programu nyingine) ya GPL wakati wa kuendeshwa, bila kuinakili ndani, je, yote imekuwa kazi iliyotokana nayo? FSF, walioitunga GPL, wanasema ndiyo. Wanasheria wengine wazuri wanasema inategemea. Mimi huikwepa: natafuta maktaba ya LGPL (GPL iliyolegezwa kwa ajili ya maktaba) au MIT, au naitenga iwe programu yake yenyewe tunayozungumza nayo kwa faili na amri. Woga? Sawa. Ni woga unaolala usingizi.

Na ile repo isiyo na leseni uliyoipenda? Fungua issue (ujumbe kwa mwenye repo humo GitHub), andika kwa heshima: "Habari, kazi nzuri sana. Tungependa kuitumia kwenye bidhaa ya biashara. Ungekubali kuongeza faili la LICENSE, kwa mfano MIT au Apache 2.0?" Wengi hujibu, na kuongeza faili ni kazi ya dakika mbili. Ila tazama kwanza orodha ya waliochangia. Wakiwa kumi na wawili, ridhaa ya mmoja haifuti haki za kumi na mmoja. Asipojibu, mpe mwenzako ambaye hajaufungua msimbo huo maelezo ya kinachotakiwa kufanyika, aandike upya. Wewe uliyeusoma usiguse kibodi.