Kwa nini vibarua wa bandari waliweza kuitikisa Tanganyika mwaka 1947?

Muulize mtu harakati za wafanyakazi zilianza lini hapa kwetu, huenda akakutajia 1955, mwaka lilipoundwa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake wa kwanza. Ukimuuliza nani mwenye nguvu ya kugoma, atasema ni mwenye ajira ya kudumu, maana kibarua akigoma leo kesho nafasi yake ina mtu mwingine. Majibu yote mawili yanakwama pale bandarini Dar es Salaam.

Makuli wa bandari hii waligoma 1939, wakarudia 1943, kisha tarehe 6 Septemba 1947 wakaanzisha mgomo uliovuka mipaka ya mji. Walioanza ule wa 1939 walikuwa vibarua wa kutwa, na hilo halikuwa bahati tu. Sheria za kikoloni zilimbana mwenye mkataba: akiacha kazi kabla ya muda wake, angeweza kushtakiwa kama mhalifu. Kibarua mkataba wake uliisha jioni. Asubuhi asipofika getini, hajavunja sheria. Hajaenda kazini tu. Wengi wao walikuwa na ndugu mjini au shamba karibu, kwa hiyo waliweza kuvumilia siku kadhaa bila ujira. Kutokuwa na ajira ya kudumu, ambako sisi tunakuhesabu kuwa udhaifu mtupu, kuliwapa nafasi ambayo mwajiriwa hakuwa nayo.

Jambo la pili ni mahali penyewe. Fikiria pantoni ya Kigamboni kabla daraja halijajengwa. Ikisimama, foleni haiishii Magogoni: muuza samaki, mwanafunzi na mgonjwa wote wamekwama, na ng'ambo ya pili nako watu wanarundikana. Bandari ilikuwa hivyo, kwa eneo kubwa zaidi. Gati za kina kirefu zilikuja miaka ya 1950. Kabla ya hapo meli zilitia nanga ndani ya bandari, na shehena ilishushwa kwenye matishari, yaani mashua bapa za mizigo, kwa nguvu za mikono, kisha ikapandishwa treni ya Reli ya Kati kuelekea Kigoma. Mikono ikitulia, meli inalipiwa kungoja na mabehewa yanakaa matupu.

Ndiyo maana mgomo ulisafiri kwa reli. Wafanyakazi wa treni walijiunga, ukafika Morogoro, Dodoma na Tabora. Madai yalieleweka kila kituo: vita vilikuwa vimepandisha bei ya nguo na chakula, mishahara ikabaki nyuma. Ni kweli taarifa nyingi tulizonazo ziliandikwa na maofisa wa serikali, hivyo sauti za makuli wenyewe zimetufikia kwa kupitia midomo ya wengine. Lakini matokeo yanaonekana. Baraza la usuluhishi liliwapa watu wa bandari nyongeza kubwa ya ujira, na chama chao kikaundwa.

Waajiri nao waliielewa siri ya kibarua. Wakaanza kuwaandikisha, wawe kundi linalojulikana, lenye kazi ya uhakika zaidi na rahisi zaidi kusimamiwa. Mvutano juu ya utaratibu huo mpya uliishia kwenye ghasia Februari 1950, na chama cha makuli kikavunjwa, miaka mitano kabla TFL haijazaliwa.