Je, wajua kwa nini Kiamu, lahaja ya Lamu (Amu), hakikuwa Kiswahili cha shule?

Mtoto wa Lamu akisema "mato" nyumbani, kila mtu anajua ni macho. Akiyaandika hivyo kwenye insha, anakatwa kwa wino mwekundu. Kosa hilo lina mwaka wake: 1928. Ndipo mkutano uliofanyika Mombasa, chini ya utawala wa Waingereza, ulipoamua kwamba Kiswahili sanifu cha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kijengwe juu ya Kiunguja, lahaja ya mji wa Unguja. Kamati ya lugha ilianza kazi 1930, na vitabu vya shule vikawa vinapita mikononi mwake.

Kiamu hakikushindwa kwa ubora, maana ndicho kilichobeba tendi, yaani mashairi marefu, za Amu, Pate na Siu. Ila Unguja ilikuwa na kiti cha Sultani, misafara ilikuwa imekwisha kukifikisha Kiunguja bara, na wamishonari walikuwa wakichapa vitabu kwa lahaja hiyo. Serikali ilitaka lugha moja ya kuendeshea ofisi.

Hati nayo ikabadilika, kutoka ya Kiarabu hadi ya Kirumi. Tuseme haki: hati ya zamani ilikuwa na taabu zake. Irabu zilikuwa na alama tatu tu, hivyo i na e zilitumia moja, o na u nyingine. Herufi ba mara nyingi ilisimama badala ya b, p na mb. "Simba" ungeweza kuisoma "sipa".

Lakini Kirumi nacho kilimeza kitu. Mwamu akisema "kuteka" maji, ulimi unagusa ufizi. Akisema "kuteka" kwa maana ya kucheka, unagusa meno. Ni sauti mbili, na shule imezipa t moja.

Hasara kubwa zaidi iko kwenye mashairi "yanayosanifishwa". Kipande cha utendi kina mizani (silabi) 8. Chukua mfano huu: "Ndoo uufunge mwango". Hesabu: ndo-o, u-u-fu-nge, mwa-ngo, nane kamili. Sasa andika "Njoo uufunge mlango". M ya mlango inasimama peke yake, mizani inakuwa 9, na msomaji anajikwaa. Wengi humlaumu mtunzi, kumbe aliyeharibu ni mnakili.

Kwa hiyo ukinakili utendi wa Amu, acha "mwango", "ndia", "mtele" na "mai" kama ulivyoyakuta. Mlango, njia, mchele na maji viandike pambizoni.