Meinfremu si kinyume cha Linux

"Tumeachana na meinfremu, sasa tuko kwenye Linux." Sentensi hii nimeisikia tena wiki iliyopita kwenye wasilisho. Kabla ya hapo niliisikia kwenye usaili wa kazi, nikaisikia kwenye makundi ya WhatsApp ya mafundi, na mara moja ilitoka kinywani mwa mtu ambaye jioni hiyohiyo aliingia zamu kuhudumia Linux iliyokuwa ikiendeshwa ndani ya meinfremu. Msemaji wa wiki iliyopita ni kijana hodari na kazi aliyoieleza ilikuwa nzito kweli, wala sina nia ya kumvunja moyo. Ila sentensi yake haikai. Ni sawa na mtu kusema ameacha basi, siku hizi anapanda dizeli.

Maana nitaipitia haraka. Meinfremu ni mashine: kompyuta iliyoundwa kupitisha miamala mingi mno kwa pamoja bila kusimama, yenye prosesa za pembeni zinazoshughulikia diski na mtandao ili prosesa kuu zisisumbuliwe, na yenye vipuri vya akiba ndani yake vinavyoshika kazi pale kimoja kinapokufa. Zinazotajwa zaidi leo ni za ukoo wa IBM Z. Linux ni mfumo endeshi, yaani programu inayotawala mashine na kuzigawia programu nyingine muda, kumbukumbu na diski. Mfumo endeshi hukaa juu ya mashine. Haushindani nayo.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe, maana humo ndimo kosa lilimojificha.

Sisi tunalo neno fremu na tumelitumia vizuri kuliko wenye nalo. Kuna fremu ya picha na fremu ya mlango, na Dar es Salaam fremu ni chumba cha biashara. Mtu anakodi fremu Kariakoo anauza vitenge. Mwakani anahama, anaingia fundi simu. Hakuna anayedhani kwamba fremu ni vitenge, wala kwamba fundi simu alipoingia fremu ilikufa. Kilichomo kimebadilika, fremu ni ileile.

Maana ya mwanzo ya meinfremu iko karibu sana na hiyo. IBM ilipotoa kompyuta yake ya 701 mwaka 1952, haikuwa boksi moja. Ilikuwa makabati kadhaa yaliyosafirishwa kila moja peke yake na kuunganishwa kwa nyaya huko yalikofika, na kila kabati liliitwa fremu: fremu ya umeme, fremu ya ngoma ya sumaku, fremu ya tepu. Lile lililobeba sakiti za hesabu na udhibiti, kitovu cha mashine nzima, ndilo likaitwa fremu kuu. Ni jina la kabati tu. Halikusema lolote kuhusu programu, na haikuwezekana liseme, kwa kuwa mfumo endeshi kama tunavyoujua leo ulikuwa bado haujazaliwa.

Baadaye neno likatanuka. Kwanza likawa na maana ya prosesa na kumbukumbu zake, kuzitofautisha na vifaa vya pembeni kama printa na visoma kadi. Kisha zikaja kompyuta ndogo zilizoweza kukaa kwenye kona ya maabara, na watu wakahitaji jina la zile kubwa zilizobaki, ambazo zamani ziliitwa kompyuta tu. Meinfremu ikachukua nafasi hiyo. Tazama safari nzima: kabati, kisha prosesa, kisha aina ya kompyuta. Hakuna kituo hata kimoja ambapo neno lilimaanisha mfumo endeshi.

Kosa basi liliingilia wapi? Nadhani liliingia kihalali. Miaka ya 1980 na 1990 kampuni nyingi zilihamisha kazi zao kutoka mashine kubwa za IBM kwenda seva ndogo zilizoendesha UNIX, mfumo endeshi ambao Linux iliundwa kwa mfano wake. Walibadilisha vitu viwili kwa mpigo, mashine na mfumo endeshi, na aliyesema "tumetoka meinfremu tukaenda UNIX" alieleweka, hata kama alikuwa anataja jina la mashine upande mmoja na jina la programu upande wa pili. Linux ilipokuja ikarithi sentensi ile pamoja na kasoro yake. Na hata zama hizo haikuwa sahihi kabisa, kwa sababu kampuni ya Amdahl, iliyokuwa ikitengeneza mashine zinazolingana na za IBM, ilikwisha kuuza UNIX ya meinfremu iliyoitwa UTS tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Ukimbana msemaji akueleze anachokiita meinfremu, atakutajia skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani, lugha ya zamani ya programu iitwayo COBOL, na kazi zinazopangwa foleni ili ziendeshwe usiku. Hiyo ni z/OS. Ni mfumo endeshi wenye nasaba ndefu, unaotokana na OS/360 iliyotangazwa pamoja na mashine za System/360 tarehe 7 Aprili 1964, ukapitia MVS hadi ulipo leo. Ni mzee mwenye heshima zake na ana jina lake. Lakini ni mpangaji. Fremu si yake peke yake. Mifumo mingine kama z/VM na z/TPF imo humohumo, na Linux imo tangu mwisho wa karne iliyopita.

Linux iliingiaje? Linus Torvalds aliiandika mwaka 1991 kwa ajili ya prosesa ya 386 ya kompyuta yake ya nyumbani. Ilipofika 1998, Linas Vepstas na wenzake wachache wakaanza kuihamishia kwenye meinfremu kwa hiari yao, mradi wakauita Bigfoot. Wakati huohuo wahandisi wa IBM katika maabara ya Böblingen, Ujerumani, walikuwa wakifanya kazi hiyohiyo kimyakimya, na tarehe 18 Desemba 1999 wakaitoa hadharani ikiwa viraka vya kerneli, yaani kiini cha Linux, toleo la 2.2.13. Chuo cha Marist kule Poughkeepsie, mji ambao IBM imetengeneza mashine hizi kwa miongo mingi, kikawa mahali pa kuipakua. Mwaka 2000 SUSE ilikuwa tayari inauza distro yake, yaani mkusanyo wake wa Linux ulio tayari kusakinishwa, kwa mashine hizo; Red Hat ikafuata, na Ubuntu ikaja 2016. Fungua leo msimbo wa kerneli ya Linux, ileile inayotumika kwenye simu yako, utakuta saraka inayoitwa s390, ya prosesa za meinfremu, kando ya x86 za PC na ARM za simu. Si tawi la siri wala Linux ya pembeni.

Na mwaka 2015 IBM ikatoa LinuxONE, mashine za ukoo uleule zinazoendesha Linux bila z/OS kabisa. Aliyenunua mashine hiyo yuko kwenye meinfremu na yuko kwenye Linux kwa wakati mmoja. Sentensi yetu haina pa kumweka.

Kuna dhana nyingine inayotembea na hii bega kwa bega: kwamba Linux ya meinfremu "inaigizwa", yaani kuna programu katikati inayojifanya PC. Hapana. Linux ya s390x (ndiyo s390 ya leo) imekompailiwa, yaani imetafsiriwa, kwa lugha ya prosesa ile, na maagizo yake yanatekelezwa na chuma chenyewe. Kuiga ni kinyume chake: programu ya Hercules, iliyoanzishwa na Roger Bowler mwaka 1999, hujifanya meinfremu ndani ya kompyuta ya kawaida, na wengi wamejifunzia humo kwa kuwa mashine yenyewe haikopesheki. Ndani ya meinfremu kinachofanyika ni kugawa. Mashine moja hukatwa vipande, na ndani ya kipande unaweza kuweka z/VM inayobeba mashine pepe nyingi, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya moja halisi. Kazi hii wameifanya tangu miaka ya 1960, na VM/370 ilitangazwa 1972, muda mrefu kabla wengi wetu hatujasikia habari za mashine pepe kwenye seva za kawaida. Mwaka 2000 David Boyes alijaribu kuwasha nakala nyingi za Linux kadiri awezavyo juu ya VM kwenye mashine moja, akafika 41,400. Lilikuwa jaribio la kutafuta ukomo, si namna ya kuendesha biashara, lakini wengi walilitazama chuma hicho kwa macho mapya baada ya hapo.

Kuna hata prosesa zilizotengwa kwa ajili ya Linux, zinaitwa IFL. Kwa umbo ni sawa na nyingine zilizomo kwenye mashine. Zimefungwa kwa msimbo wa ndani zisiweze kuendesha z/OS. Sababu ni pesa. Programu nyingi za z/OS hulipiwa kulingana na nguvu ya mashine, na IFL haihesabiwi kwenye bili hiyo. Kwa hiyo hata kwenye ankara, meinfremu na Linux hazijawekwa kama wapinzani; mmoja amewekewa bei yake ndani ya mwingine.

Nimefanya kazi ya msaada upande huu, na ninajua kwamba kosa la maneno huzaa kosa la kazi. Fundi wa Linux anayeambiwa "hii ni meinfremu" huogopa, hagusi kitu, anasubiri wazee wa z/OS. Angejua kwamba akishaingia kutoka mbali kwa ssh atakuta zana zake za kila siku: bash ileile, systemctl ileile, logi zilezile mahali palepale, angeanza kazi asubuhi hiyohiyo. Upande wa pili yuko anayeambiwa "ni Linux tu" akachukua konteina, yaani programu iliyofungashwa na mahitaji yake, aliyoijenga kwenye laptopu yake, akaipeleka, kerneli ikaikataa kwa kuwa haiujui muundo wa faili lile. Mfumo endeshi ni ule, prosesa siyo. Lazima ukompaili upya.

Na ukikompaili upya huenda ukakutana na jambo la mpangilio wa baiti. Aliyepita madrasa ataelewa upesi. Sisi tunasema ishirini na tatu, tunaanza na kubwa. Mwarabu anasema thalatha wa ishrin, tatu na ishirini, anaanza na ndogo. Namba ni ileile. Prosesa za x86 huhifadhi namba kwa kuanzia upande mdogo, s390x huanzia upande mkubwa. Programu iliyoandika namba zake ghafi kwenye faili upande mmoja, ikasomwa upande wa pili bila kugeuzwa, huleta takwimu za ajabu, na unaweza kupoteza siku mbili ukiitilia shaka hifadhidata isiyo na kosa.

Kuna mengine ya chuma ambayo lazima uyajue. Diski zinaitwa DASD, nawe utaziona kama dasda na dasdb badala ya sda. Kifaa kina anwani kama 0.0.0200, na hakionekani mpaka ukiwashe. Hakuna anayesema kubuti, wanasema ku-IPL. Konsoli ya 3270 inayotolewa na z/VM hupokea mstari mmoja mmoja, kwa hiyo mtandao ukikatika na ukalazimika kurekebisha faili kutokea hapo, vi, kihariri cha skrini nzima, haikusaidii. Ndipo utakapofurahi kama uliwahi kujifunza ed, kihariri cha mstari mmoja mmoja.

Lililo kinyume zaidi na mazoea yetu ni kumbukumbu. Kwenye seva ya kawaida, ikizidiwa unaongeza RAM, nayo Linux hujaza nafasi yoyote iliyobaki kwa kache ya faili, yaani nakala za faili zilizosomwa karibuni, kwa kuwa nafasi tupu kwake ni hasara. Juu ya z/VM kumbukumbu ni ya ujamaa, wageni mamia, yaani mashine pepe, wanaichangia. Ukimpa kila mmoja RAM ya kumzidi, kila mmoja anajaza kache yake, mwenyeji anazidiwa, anaanza kumwaga kurasa kwenye diski, na wote wanapungua kasi. Dawa ni kupunguza. Nimewahi kumshauri mteja apunguze RAM ya mashine zake pepe na akaniomba nimrudie taratibu, akidhani simu imekatika.

Hali kadhalika saa ya kerneli. Zamani Linux iliamka mara 100 kwa sekunde hata kama haina kazi. Kwenye PC moja hakuna anayejali. Zidisha kwa wageni mia kadhaa waliolala kwenye mashine moja, uone prosesa inavyoliwa na watu wasiofanya kitu. Wahandisi wa s390 walilazimika kutengeneza njia ya kuizuia saa hiyo kwa mgeni aliyelala, miaka kadhaa kabla kerneli ya kawaida haijapata kitu kama hicho mwaka 2007.

Ndiyo maana naomba tutenganishe maneno. Kama mmehamisha kazi kutoka z/OS kwenda Linux na mashine ni ileile, semeni "tumetoka z/OS tukaenda Linux". Kama mmehamisha Linux kutoka s390x kwenda seva za x86, semeni mmetoka kwenye meinfremu, na Linux mmekwenda nayo. Kama mmebadilisha vyote viwili, vitajeni vyote viwili, maana ni kazi mbili na zote zinastahili kuhesabiwa. Kijana wa wiki iliyopita, nilipomwuliza baada ya wasilisho, alikuwa amefanya ya kwanza. Mashine iko palepale, kwenye chumba kilekile. Nilimwambia abadilishe neno moja kwenye slaidi ya tatu, aandike z/OS mahali alipoandika meinfremu, na slaidi nyingine zote aziache zilivyo.